Kuhamia kwenye gari-nyumba na familia nzima: mwongozo kamili wa kuanza bila kukurupuka

Usiku wetu wa pili ndani ya gari, alfajiri haijaingia, tone la maji liliniangukia kwenye kope. Nikajua basi, paa linavuja, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikawasha tochi. Dari lote juu ya kitanda lilikuwa limejaa vitone vidogo, kama jasho kwenye paji la uso la mtu mwenye homa. Paa lilikuwa zima. Yale maji tuliyatoa sisi wenyewe: watu wanne tumelala madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi, na jioni yake tulikuwa tumechemsha maharage kwenye jiko la gesi kwa saa mbili. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua huzaa takriban kilo 1.6 za maji, yote yakiwa mvuke, nao mvuke ukikosa pa kutokea hugusa dari la baridi na kurudi maji.

Nyumbani mambo hayo yapo vilevile, ila nyumba ni kubwa, inayameza. Gari halimezi kitu. Maji, umeme, uzito, uchafu, pumzi, hata hasira, kila kimoja kina kipimo chake humo ndani, na kikifika mwisho utajua siku hiyohiyo. Wanaoshindwa maisha haya mara nyingi hawakushindwa na barabara. Walihama bila kujua vipimo vyao. Kwa hiyo mwongozo huu una hesabu nyingi kuliko picha za machweo.

Nikisema gari-nyumba nakusudia chombo chochote chenye vitanda, jiko, choo na matangi yake, liwe na injini au livutwe. Pale tofauti inapohitajika, la kuvutwa nitaliita karavani.

Hatua ya 1: Jaribuni kwanza, tena msimu mbaya

Kabla hamjauza hata kijiko, kodini gari linalofanana na mnalolitaka kwa siku 10 hadi 14. Hiyo isiwe likizo. Mwenye kazi afanye kazi saa zake zilezile, watoto wasome, nguo zifuliwe, chakula kipikwe humohumo. Na chagueni msimu wa mvua au wa baridi. Siku ya jua gari-nyumba ni kubwa mno, kwa sababu nusu ya maisha yako nje ya mlango. Mvua ya siku tatu ndiyo husema kweli: viatu vina tope, taulo hazikauki, mmoja anaongea na mteja kwenye simu na mwenzake hatua mbili pembeni analia kwa kuwa penseli yake imevunjika.

Siku ya mwisho kila mtu aandike peke yake, bila kuchungulia kwa mwenzake, kilichomkera na kile asichoweza kuishi bila hicho. Watoto wanaojua kuandika nao waandike. Kama mzazi mmoja amekubali safari hii kwa sababu tu amechoka kubishana, simameni hapo. Mguu ndani mguu nje huvumilika kwenye nyumba ya vyumba vitatu, kwenye gari hapana.

Hatua ya 2: Makaratasi kabla ya gari

Hapa ndipo watu huruka, kisha wanarudi wanachechemea. Mtu asiye na nyumba bado anadaiwa anwani: benki, leseni, kodi, kura, bima na hospitali vyote huiuliza. Nchini Marekani familia nyingi zinazoishi barabarani hujiandikisha kisheria South Dakota, Texas au Florida. Majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato ya jimbo, na yana kampuni zinazopokea barua zako na kukutumia popote ulipo. Kwingine njia ya kawaida ni anwani ya ndugu, lakini muulizeni mwanasheria au ofisi ya serikali kama inakubalika. Kutumia anwani ya shangazi bila kujua inamfanyia nini kwenye kodi zake ni kumtafutia ugomvi.

Leseni nayo ina kipimo. Barani Ulaya leseni ya kawaida ya daraja B kwa miaka mingi imekuwa ikikomea gari la kilo 3,500. Daraja la C1 hufika kilo 7,500. Magari mengi ya kulala watu wanne yamejengwa kwa kubana chini ya mpaka huo wa kwanza, na hilo litaturudia kwenye uzito. Someni sheria ya nchi iliyotoa leseni yenu jinsi ilivyo sasa, maana Umoja wa Ulaya umekuwa ukiifanyia marekebisho.

Shule: Marekani inaruhusu kusomesha watoto nyumbani katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina masharti yake, kuanzia yale yasiyodai hata taarifa hadi yanayotaka mitihani na ripoti. Ujerumani, kwa familia zinazoishi humo, mtoto lazima aende shule. Kumfundishia nyumbani hakukubaliki isipokuwa kwa sababu chache sana. Na kama mnapanga kuzunguka nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, kwa pasi ya nchi ya nje, mgeni asiyehitaji viza hupewa siku 90 ndani ya kila siku 180. Gari halina siku zake za ziada.

Bima mwambieni wakala waziwazi kwamba mtaishi humo mwaka mzima. Bima ya gari la likizo inaweza kukataa kulipa siku ikigundulika kuwa gari ndilo makazi, na vyombo vya ndani vinahitaji kukatiwa kama vyombo vya nyumba. Kadi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa, miwani ya ziada, dawa za kudumu za miezi kadhaa na nakala za kila kitu kwenye mtandao: maliza hayo wiki moja kabla, usiyaache kwa siku ya kuhama.

Hatua ya 3: Kuchagua gari

Hesabu mikanda kabla ya vitanda. Muuzaji atakwambia gari linalala watu sita. Muulize watu wangapi wanakaa kihalali likiwa linatembea. Viti vinavyotazama pembeni havifai kufungia kiti cha mtoto, hata kama vina mkanda. Kwenye karavani, Uingereza na nchi nyingine nyingi haziruhusu mtu kukaa ndani inapovutwa, na hata mahali ambapo sheria inanyamaza, mimi simweki mtu wangu humo.

Baada ya mikanda, kitanda cha kila mtoto kiwe kitanda siku zote. Meza inayogeuzwa kitanda ni sawa kwa wikendi. Kwa mwaka mzima maana yake ni kwamba mtoto hawezi kulala mpaka wakubwa wamalize kula, wala wakubwa hawawezi kunywa chai mpaka mtoto aamke. Vitanda vya ghorofa nyuma, vyenye pazia na taa ndogo ya kila mmoja, vina thamani kuliko sebule pana. Pazia lile ndiyo mlango wa chumba chake, na ukilifungua bila kubisha utaambiwa.

Lenye injini au la kuvutwa? Lenye injini ni rahisi siku ya safari: mnaingia, mnaondoka. Shida yake ni kwamba likienda gereji, nyumba yenu imeenda gereji, na kila mkihitaji mkate lazima mfunge nyumba nzima. Karavani inaachwa kambini, gari dogo linakwenda sokoni na hospitali, na injini ikifa nyumba inabaki. Kwa familia inayokaa mahali wiki mbili au tatu naipendelea karavani. Inayohama kila siku ya pili itachoka kuifunga na kuifungua, hiyo itafute lenye injini.

Msinunue jipya kwa mara ya kwanza. Gari jipya hushuka bei haraka sana miaka ya mwanzo, na lenu la kwanza huenda likawa kosa. Afadhali kosa la bei nafuu. Ila kwenye la mtumba adui ni maji. Nenda kulikagua siku iliyofuata mvua. Bonyeza kwa kidole gumba kila kona ya ndani, hasa karibu na dari, chini ya madirisha na ndani ya makabati. Ukuta ukibonyea kama mkate, mbao za ndani zimeoza. Tembea peku sakafuni ukisikiliza mahali panapozama. Nusa makabati yaliyofungwa. Harufu kali ya marashi kwenye gari linalouzwa ni ya kutiliwa shaka. Panda juu uangalie silikoni na mipira ya kuzuia maji inayozunguka feni na mifuniko, na ukishanunua uwe unaikagua mara mbili kwa mwaka.

Tairi zisomwe tarehe, siyo meno tu. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi za magari haya huzeeka zikiwa zimesimama, na wengi wetu huzibadilisha kati ya mwaka wa tano na wa saba hata kama zinaonekana mpya.

Hatua ya 4: Uzito, hesabu inayovunja ndoto

Kila gari lina uzito wa juu ulioruhusiwa na uzito wake likiwa tupu. Tofauti yake ndiyo mali yenu yote. Chukua gari la kilo 3,500 ambalo likiwa tupu, halina hata dereva, lina kilo 3,050. Zimebaki 450. Baba 75, mama 65, watoto 35 na 25: kilo 200 zimeondoka. Maji lita 100 ni kilo 100. Mitungi miwili ya gesi pamoja na chuma chake, sema 45. Mmebaki na kilo 105 za chakula, nguo, sufuria, vitabu, kompyuta, baiskeli, zana na kile kivuli cha kukunjua ambacho muuzaji alikiongeza kama zawadi. Kwenye makaratasi hakikisha kama uzito mtupu umemjumlisha dereva na mafuta, kwa sababu watengenezaji hawaandiki kwa namna moja.

Usikadirie. Pakia kila kitu, jaza maji, ingizeni watoto, nendeni mizani ya malori mpime ekseli moja moja, yaani magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Jumla inaweza kuwa halali na ekseli ya nyuma ikawa imezidi, kwa sababu baiskeli zinaning'inia mkiani. Uzito uliozidi hupasua tairi, huchelewesha breki, na ajali ikitokea huipa bima sababu ya kujitoa.

Kwenye trela za kawaida za Marekani, yaani karavani za huko, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iegemee kwenye kiungo cha kuvutia. Zile kubwa zinazoegemea sehemu ya mizigo ya pikapu ni asilimia 15 hadi 25. Karavani za Ulaya zina kipimo chao pungufu, kimeandikwa kwenye kibati. Mkia ukiwa mzito kuliko mbele, trela huanza kuyumba. Ikiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Kama una swichi ya breki za trela peke yake, ibonyeze. Mizigo mizito iwe chini, karibu na ekseli.

Hatua ya 5: Maji na choo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna anayekwambia mpaka yamkute.

Kuna matangi matatu kwenye magari mengi makubwa: la maji safi, la maji ya kuoshea yaliyotumika, na la choo. Sisi wanne tukibana matumizi tunatumia lita 60 hadi 70 kwa siku. Tangi la lita 150 hutupa siku mbili. Kuoga ni hivi: jilowanishe, funga, jipake sabuni, fungua, suuza. Lita sita hadi nane zinamtosha mtu mzima. Vyombo vifutwe mafuta kwa karatasi kabla ya kugusa maji. Na angalieni, tangi la maji machafu hujaa kabla la maji safi halijaisha, kwa kuwa mara nyingi ni dogo na hakuna anayelitazama, mpaka siku maji ya sinki yanapotokea miguuni bafuni.

Gari likifika mikononi mwenu, safisha tangi la maji safi kabla ya kunywa. Zima hita ya maji, toa chujio, weka klorini ya kufulia isiyo na marashi, takriban mililita moja kwa kila lita ya tangi, ukiwa umeichanganya kwanza kwenye ndoo. Jaza tangi, fungua kila bomba mpaka usikie harufu, acha usiku kucha, mwaga, jaza tena na suuza mpaka harufu iishe. Mpira wa kujazia maji ya kunywa uwe wa kazi hiyo tu. Ule wa kuoshea mambo ya chooni uwe wa rangi nyingine na uhifadhiwe kabati jingine, kwa sababu ipo siku mtoto atatumwa alete mpira. Kambini maji ya bomba yanaweza kuja kwa nguvu ya kupasua mifereji ya ndani. Weka kidhibiti kinachoyapunguza hadi kati ya bar 3 na 4.

Sasa choo. Kosa la kila mgeni, na langu pia, ni kuunganisha bomba la maji taka kambini na kuacha vali ya tangi la choo wazi kwa kudhani ni kama nyumbani. Maji hutiririka, kigumu hubaki. Wiki mbili baadaye una kichuguu chini ya choo, kimekauka, na hakuna dawa ya dukani inayokivunja kwa siku moja. Vali ikae imefungwa. Baada ya kila haja maji yaende mengi, na tangi lisubiri lijae angalau theluthi mbili. Halafu: vaa glavu, unganisha bomba na uhakikishe mara mbili limeshika, vuta vali ya choo kwanza, sikiliza mpaka mngurumo uishe, ifunge, kisha vuta ya maji ya kuoshea, ambayo yatasukuma mabaki kwenye bomba. Inua bomba kuanzia kwenye gari kuelekea shimoni litoke lote. Suuza, funga, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, nawa. Dakika 15, ukizoea. Msimpe mtu mmoja kazi hii milele, italeta maneno.

Magari ya Ulaya mengi yana kisanduku cha choo cha kuchomoa, cha lita 17 hadi 20. Kwa watu wanne ni kila baada ya siku mbili. Kuna wanaobeba cha akiba, na mimi ningefanya hivyo.

Hatua ya 6: Umeme

Fanya hesabu ya siku moja mkiwa hamjachomeka popote. Kipimo ni wati-saa, yaani wati mara saa za kutumika. Friji ya kompresa karibu 550. Kompyuta mbili za wati 60 kwa saa tano, 600. Ruta ya intaneti ya wati 10 haizimwi, 240. Feni ya wati 30 kwa saa nane, 240. Taa, pampu na simu kwa pamoja kama 160. Jumla 1,790.

Betri ya asidi ya saa-ampea 100 na volti 12 ina wati-saa 1,200, ila ukitaka idumu usishuke chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya ukubwa huohuo ina takriban 1,280 na karibu zote zinatumika. Kwa hesabu yetu mbili za lithiamu zinavusha siku na kubakiza akiba. Onyo moja: betri hizo zisichajiwe zikiwa zimepoa chini ya nyuzi 0, zinaharibika kabisa, ziwekeni ndani au nunueni zenye kinga.

Paneli za sola za wati 400 zikilala juu ya paa, kwa saa tano za jua zuri, baada ya kupoteza kama asilimia 30 njiani, hutoa karibu 1,400. Pungufu ya matumizi yetu. Siku ya mawingu usiulize. Ndiyo maana anayefanya kazi kwa kompyuta huongeza chaja inayotumia injini wakati wa safari.

Mkichomeka kambini bado kuna kikomo. Soketi ya volti 230 na ampea 10 inatoa wati 2,300. Birika la wati 2,000 pamoja na hita ya wati 1,500, sirikiti inakata, na sanduku la swichi liko kwenye nguzo huko nje mvuani. Soketi ya Marekani ya ampea 30 na volti 120 ni wati 3,600. Wafundishe watoto swali moja: "Birika linachemka?" Kwetu huulizwa kabla ya kuwasha chochote chenye joto.

Hatua ya 7: Gesi, moto na pumzi

Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hutoka kwenye mtungi hata baridi kali. Butani hukoma karibu na sifuri: mtungi umejaa na jiko haliwaki. Kama mtakutana na baridi, uliza mtungi una nini.

Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa, zikivuja hutambaa sakafuni. Kengele yake inawekwa chini. Kengele ya monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyonusika, ni nyingine, yenyewe iwe usawa wa mnapolala. Jiko lisiwashwe kamwe kwa kupasha chumba joto, na matundu ya hewa ya sakafuni na darini yasizibwe na matambara hata kama upepo unapiga. Kizima moto kiwe karibu na mlango. Kila mtoto ajue kufungua dirisha la dharura kutoka kitandani kwake, gizani, mwenyewe. Fanyeni zoezi usiku. Wetu mdogo mara ya kwanza alishindwa kwa sababu komeo lilikuwa gumu. Tulilipaka mafuta siku hiyohiyo.

Friji inayotumia gesi haina kompresa, hutegemea amonia kuzunguka yenyewe, na ikifanya kazi gari likiwa limelala upande inaweza kuharibika. Pimamaji ndogo ya fundi seremala itawaambia kama mmekaa sawa.

Na dari lile lililonidondokea: dirisha moja wazi kidogo, feni ya juu taratibu wakati wa kupika na kuoga, vipande vya mbao chini ya godoro vipitishe hewa. Basi. Tukaongeza mashine ndogo ya kukausha hewa tunapokuwa na umeme wa kambi.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza

Kaeni karibu. Kambi ya kwanza iwe mwendo wa saa moja kutoka kwa fundi na kwa watu mnaowajua, kwa wiki mbili, kwa sababu kitu kitaharibika. Baadaye kuna kanuni ya tatu-tatu-tatu inayosemwa sana Marekani: usizidi maili 300 kwa siku, yaani kama kilomita 480, fika kabla ya saa 9 alasiri, ambayo kwao ni saa tatu, kaa angalau siku tatu. Ukiwa na watoto, maili 300 ni nyingi. Sisi ni kilomita 200, na kufika na jua ndiyo sehemu ya kanuni tusiyoivunja. Kurudisha nyuma trela gizani mahali pageni kumevunja urafiki mwingi kuliko fedha. Kabla ya safari tafuteni uwanja mtupu, mzoeeni kurudi nyuma, na mkubaliane ishara za mikono. Anayeongoza akitoweka kwenye kioo, dereva anasimama, hakuna mjadala.

Andika urefu wa gari kwenda juu kwa kalamu nene na ubandike mbele ya usukani, ukijumlisha feni na kiyoyozi cha paani. Madaraja mafupi hayakusubiri ukumbuke.

Siku ya kuondoka tunagawana: mmoja ndani, mwingine nje, kila mmoja na kadi yake. Wa ndani anafunga madirisha ya juu, makabati, mlango wa friji, pampu, gesi. Wa nje anatoa kebo, mipira, vigingi vya magurudumu, anakunja ngazi, anajaribu taa za breki. Kisha tunabadilishana kadi na kukagua kazi ya mwenzetu. Kubadilishana huko kulianza baada ya mimi kuondoka na ngazi ya mlango ikiwa nje na kuikunja kwenye nguzo ya kambi mbele ya majirani waliokuwa wakinywa kahawa.

Kulala bure kwenye ardhi ya umma kunawezekana katika baadhi ya nchi, kwa masharti. Ardhi nyingi ya shirikisho la Marekani inayosimamiwa na BLM, idara ya serikali ya ardhi za umma, huruhusu siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha unahama. Huko hakuna bomba wala soketi, kwa hiyo msiende mpaka hesabu za hatua ya 5 na ya 6 ziwe zinakaa kichwani.

Hatua ya 9: Siku ya kawaida

Kazi na masomo vipangiwe saa, tena asubuhi, kabla hamjatoka kuona chochote. Intaneti iwe ya njia mbili, laini za kampuni tofauti, kama mshahara unaitegemea. Masomo ya saa mbili au tatu mezani yanatosha watoto wadogo. Kilichotusumbua zaidi ni upweke wa mtoto mkubwa, aliyekuwa akipata rafiki Jumatano na kumwacha Ijumaa. Tukapunguza mwendo, tukakaa mwezi mahali pamoja, na tukapanga kukutana tena na familia nyingine zenye watoto wa rika lake.

Kila mtu apate saa moja ya kutosemeshwa. Kwetu mtu akivaa vipokea sauti vya masikioni, hata kama havipigi kitu, amefunga mlango.

Kwenye fedha sitawapa tarakimu, ila tengeni mfuko wa matengenezo kila mwezi kama mnavyolipa kodi ya nyumba, na mwingine wa kurudia, unaotosha kupanga nyumba kwa miezi mitatu, msiuguse. Vitu vya nyumbani visiuzwe vyote mwaka wa kwanza. Stoo ndogo kwa miezi 12 ni nafuu kuliko kununua upya.

Miezi mitatu ikipita, toeni kila kitu nje juu ya turubai. Kila ambacho hakijaguswa tangu mhamie, isipokuwa zana za dharura na dawa, kiondoke. Halafu rudini mizani. Sisi tulipofanya hivyo gari lilikuwa limepungua kilo 86, na kati ya hizo 19 zilikuwa vitabu vyangu.